Nani Aliyeua? Uzinzi na Mauaji kutoka Njia ya Misafara ya Usoke hadi Tamthilia ya Televisheni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna melodrama ya televisheni inavyounganisha mambo mawili: uzinzi ndani ya ndoa na mauaji. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba muungano huo haukuletwa na televisheni. Fikra kwamba ukosefu wa uaminifu katika ndoa huzaa kifo ilikuwako Afrika Mashariki kabla ya redio, kabla ya reli na kabla ya kitabu kilichopigwa chapa. Kilicholetwa na melodrama ya televisheni ni jibu la namna nyingine kwa swali la zamani: palipo na usaliti na maiti, nani aliyeua? Katika masimulizi mengi ya awali jibu ni "usaliti umeua". Katika melodrama iliyosukwa vizuri jibu ni jina la mtu. Kisarufi tofauti hiyo ni ya kiima cha sentensi tu. Kimaadili na kisheria ni tofauti kati ya kosa na bahati mbaya.

Usoke imechaguliwa kuwa mahali pa kulitazamia suala hili. Usoke imo katika wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, kwenye Reli ya Kati, kati ya Tabora na Urambo. Haijulikani kwa studio wala majumba ya sinema. Hata hivyo, eneo hilo limepitiwa na takriban kila chombo kilichobeba habari na hadithi kati ya pwani na bara: msafara, garimoshi, redio, kanda ya video na televisheni. Kwa sababu hiyo linafaa kuonyesha jinsi dhamira moja inavyobadilika kila inapobadilika njia ya kuisimulia.

2.0 Mume aliye safarini

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, penye Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Njia ya moja kwa moja ilipita katika nchi iliyokuja kuwa chini ya mtawala Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Vita vyake na Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia hiyo mwaka 1871, Henry Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wafanyabiashara na wawindaji wa ndovu waliosifika, na safari ya kwenda pwani na kurudi ilichukua miezi mingi. Reli iliifikia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafifia.

Jamii inayoishi kwa safari huishi pia na swali la kinachotendeka nyumbani. James Frazer, katika toleo la 1922 la kitabu chake The Golden Bough, alieleza imani iliyorekodiwa kwa wawindaji wa ndovu wa Afrika Mashariki: mke akizini mumewe akiwa porini, ndovu hupata nguvu juu ya mwindaji, akamuua au akamjeruhi vibaya. Mwindaji aliyesikia habari mbaya za mkewe aliacha windo akarudi nyumbani. Frazer aliitumia imani hiyo kueleza kile alichokiita uganga wa mfanano. Kwa mwanafunzi wa fasihi, imani hiyo inaweza kusomwa kama msuko kamili wa hadithi. Kuna mume aliye mbali, kuna mke, kuna mgoni, kuna siri, na kuna kifo. Kinachokosekana ni muuaji. Ndovu ni chombo tu, na mke hakukusudia kifo. Kiima cha sentensi ni tendo lenyewe: uzinzi umeua.

Mambo mawili hayana budi kuzingatiwa hapa. Kwanza, imani hiyo inamtwisha mzigo mmoja tu kati ya wanandoa wawili. Mwindaji anayezini njiani hatajwi kuwa anamhatarisha mkewe. Pili, taswira ya mwanamke anayebaki nyumbani si taswira kamili ya njia ya misafara. Stephen Rockel, katika utafiti wake juu ya wapagazi uliochapwa mwaka 2006, ameonyesha kwamba wanawake wengi walisafiri na misafara, wakipika, wakibeba mizigo na kufanya biashara. Imani, basi, haikuakisi hali ya jamii tu. Ilichagua upande wa hali hiyo na kuupa hukumu.

3.0 Ushahidi wa msamiati

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kulitaja jambo hili, na kila neno linaliweka mahali pake. Uzinzi ni neno la dini, na mizani yake ni dhambi. Ugoni ni neno la baraza na mahakama. Mgoni hushikwa, hudaiwa fidia, na shauri likaisha. Usaliti ni neno lililohama kutoka katika siasa na vita hadi chumbani. Msaliti wa nchi amekuwa msaliti wa ndoa, na kosa lililokuwa na bei barazani limepata uzito wa uhaini. Katika muongo wa 2010 liliongezeka neno mchepuko, lililoenezwa sana Tanzania na kampeni ya afya iliyowahimiza watu wabaki njia kuu. Taswira yake ni ya barabara: ndoa ni njia kuu, na uzinzi ni kuiacha njia. Katika nchi iliyojengwa kando ya njia ya misafara, sitiari hiyo haihitaji mfasiri.

Neno lenye uzito mkubwa kuliko yote kwa mtunzi wa melodrama ni fumanizi. Maneno yaliyotangulia hutaja kosa au mkosaji. Fumanizi hutaja tukio. Ni dakika ambapo anayejua kwa tetesi anakuwa anayejua kwa macho. Mlango unafunguliwa, watu watatu wanatazamana, na maneno yanakwisha. Tamthilia haina haja ya kulibuni onyesho hili, kwa kuwa lugha imekwisha kulitunga. Kutoka hapo njia ziko tatu: fidia, talaka au damu. Melodrama hupata taharuki yake kwa kuichelewesha hadhira katika njia panda hiyo.

4.0 Redio: maradhi yanapokuwa muuaji

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilianza matangazo yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Kwa hiyo melodrama ya mfululizo ilizoeleka kwanza kwa masikio. Mfano unaojulikana zaidi ni Twende na Wakati, mchezo ulioanza kutangazwa na Redio Tanzania mwezi Julai 1993, mara mbili kwa wiki.

Mhusika wake mkuu mwovu, Mkwaju, ni dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya safari zake. Mkewe, Tunu, ndiye anayebaki na nyumba na watoto. Mkwaju hatimaye anaugua UKIMWI na kufa. Hapa msuko wa mwindaji wa ndovu umerudi, ila umepinduliwa. Msafiri bado ndiye anayekufa, lakini safari hii anakufa kwa uzinzi wake mwenyewe, na mke anaponea katika kujitegemea. Lori limechukua nafasi ya msafara, na virusi vimechukua nafasi ya ndovu. Upendeleo wa imani ya kale umesahihishwa: anayesafiri ndiye anayeulizwa.

Mchezo huo ulitungwa kwa kufuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico, ambaye katika miaka ya 1970 alitumia tamthilia za televisheni kufundisha. Sabido alichukua melodrama ya kawaida, yenye wema na waovu wasiochanganyika, akaongeza kundi la tatu la wahusika wanaoyumba kati ya pande hizo mbili ili mtazamaji ajione ndani yao. Matokeo yake Tanzania yalipimwa kwa njia ya nadra. Kati ya 1993 na 1995 mchezo haukurushwa na kituo cha Dodoma, na eneo hilo likawa la kulinganishia. Peter Vaughan, Everett Rogers na wenzao, katika ripoti yao ya mwaka 2000, walionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika watu walieleza kupunguza idadi ya wapenzi na kuongeza matumizi ya kondomu.

Ushahidi huo unatosha kukanusha dai kwamba melodrama ni burudani tupu. Hata hivyo, katika muundo wake wa kimaadili Twende na Wakati bado inasimama na sentensi ya zamani. Mkwaju anauawa na mwenendo wake. Hakuna mkono uliomuua, hivyo hakuna wa kushtakiwa. Jambo hilo linafaa kwa somo la afya, kwa sababu maradhi hayana nia. Halifai pale ambapo mauti yameletwa na mtu.

5.0 Televisheni: maiti anaporudi kuuliza

Tamthilia ya Second Chance ni mfano bora wa hatua iliyofuata. Ilitungwa na Julio Jiménez wa Kolombia kwa kuiandika upya kazi yake ya mwaka 1992, ikarushwa na kituo cha Telemundo cha Marekani mwaka 2005 na 2006 kwa jina la Kihispania El Cuerpo del Deseo, kisha ikapendwa sana Afrika Mashariki kwa jina lake la Kiingereza.

Tajiri mzee, Pedro José Donoso, anamwoa msichana mrembo, Isabel. Anafariki na kuzikwa kama mtu aliyekufa kifo cha kawaida. Roho yake inaingia katika mwili wa maskini wa shamba, Salvador Cerinza, naye anarudi katika nyumba yake mwenyewe kama mtumishi. Humo anagundua kwamba mkewe alikuwa na hawara, Andrés, mtu wa karibu katika shughuli zake, na kwamba kifo chake kilikuwa mauaji.

Kwa juu kisa hiki ni cha ajabu kuliko ndovu wa Frazer. Kwa ndani kazi yake ni kinyume kabisa. Katika imani ya wawindaji, nguvu isiyoonekana inaua ili pasiwepo muuaji. Katika Second Chance, nguvu isiyoonekana inamrudisha maiti ili muuaji ajulikane. Fumanizi limevutwa hadi upande wa pili wa kaburi: mume anawafumania wauaji wake akiwa amekwisha kufa, na hawezi kusema "mimi ndiye" bila kuonekana mwendawazimu. Anajua ila hana ushahidi. Kisa kizima kinaishi katika pengo hilo kati ya kujua na kuthibitisha.

Jambo la pili linaizuia tamthilia hii isiwe hadithi nyepesi ya kisasi. Mwili uliochukuliwa na Donoso una mke wake, Cantalicia, na mtoto. Kwa macho ya Cantalicia, mumewe ameamka siku moja akiwa mtu mwingine, akaiacha nyumba akafuata jumba la matajiri. Aliyesalitiwa anakuwa msaliti kwa mwanamke ambaye hakumkosea. Mtazamaji aliyekwisha kumpa Donoso haki yote analazimika kumpunguzia.

Peter Brooks, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya fikra ya melodrama, alitoa hoja kwamba utanzu huu ulistawi pale ambapo mamlaka za zamani za kutenganisha wema na uovu zilipolegea. Kazi yake ikawa kuufanya uovu uonekane na kutajwa hadharani. Hoja hiyo inaeleza kwa nini utanzu huu hutofautiana na riwaya ya upelelezi, ambayo Kiswahili kinaijua tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965). Mpelelezi huuliza "nani aliyeua?", na msomaji huuliza pamoja naye. Katika melodrama mtazamaji huwahi kujua. Swali linalomweka kwenye kiti ni lini wengine watajua, na je, wataamini?

6.0 Hadhira kama kata

Methali husema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2012, iliazima jina lake katika methali hiyo. Kisa chake kiko Bagamoyo, mwisho wa njia iyo hiyo ya misafara, na kinamfuata mpiga picha Cheche, mkewe Cheusi, na wanaowazunguka katika mtandao wa mapenzi yasiyo ya ndoa. Kazi ya Cheche inabeba kejeli yake: mtu anayeishi kwa kunasa sura za wengine anataka sura yake mwenyewe isinaswe.

Methali hiyo inaweza kuchukuliwa kama maelezo mafupi ya nafasi ya hadhira. Televisheni humwingiza mtazamaji ndani ya mtungi. Anaona yaliyo mlangoni na yaliyo nyuma ya mlango kwa wakati mmoja, uwezo ambao jirani, mzee wa ukoo na hakimu hawana. Utazamaji wa pamoja unaukuza uwezo huo. Katika miji midogo ya Tanzania kanda zilitazamwa kwa miaka mingi katika vibanda vya video kwa kiingilio kidogo, na filamu za kigeni zilifikishwa kwa Kiswahili na wafasiri wasimulizi, mashuhuri kati yao akiwa Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa na Matthias Krings. Msimulizi wa aina hiyo hatafsiri maneno tu. Humweleza mtazamaji nani ni nani, humwonya mhusika asiyesikia, na hutoa hukumu. Hadhira hujibu. Kibanda huwa baraza lenye faida moja ambayo baraza la kweli halina: kila mjumbe wake ameshuhudia kosa.

Hatari iko hapohapo. Anayezoea kujua bila ushahidi katika kibanda anaweza kudai kujua bila ushahidi mtaani. Tetesi za ugoni huwa na sauti ya uhakika, na mtuhumiwa wa mtaani hana kamera iliyomtangulia chumbani.

7.0 Fumanizi mbele ya sheria

Suala hili si la nadharia pekee, kwani sheria ya Tanzania ina maneno yake juu ya fumanizi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inauchukulia ugoni kama shauri la madai. Kifungu cha 72 kinamruhusu mume au mke kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Kifungu cha 66 kinakataza mwanandoa kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Anayetaka talaka hutakiwa kwa kawaida kupitia baraza la usuluhishi kwanza. Katika njia panda ya fumanizi, sheria hiyo inaelekeza kwenye fidia na talaka.

Kanuni ya Adhabu inashughulika na njia ya tatu. Kuua kwa kukusudia ni kosa la kifungu cha 196, na adhabu yake kwa kifungu cha 197 ni kifo. Lakini kifungu cha 201 kinasema kwamba anayeua katika ghadhabu iliyosababishwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kosa dogo zaidi, ambalo kwa Kiswahili huitwa kuua bila kukusudia. Istilahi hiyo inastahili kutazamwa na wanaisimu. Mtu aliyeua papo hapo kwenye fumanizi huenda alikusudia kabisa katika dakika ile. Sheria haisemi hakukusudia. Inasema kusudi lake lilizaliwa na ghadhabu ambayo mtu wa kawaida angeweza kushindwa kuizuia. Jina la Kiswahili linafuta kusudi ambalo kifungu kimelipunguzia uzito tu.

Kifungu cha 202 kinaongeza jambo la maana kwa hoja ya makala haya. Mtu wa kawaida anayetumiwa kuwa kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Kwa hiyo swali la jamii inavumilia nini limewekwa ndani ya sheria yenyewe. Kwa miongo mingi Mahakama Kuu ilisikiliza kesi za mauaji pamoja na wazee wa baraza, watu wa jamii waliotoa maoni yao kabla ya jaji kuhukumu. Jamii hiyo ndiyo inayosikiliza redio na kuketi mbele ya televisheni. Ikiwa hadithi inazozipenda zinarudia kwamba usaliti huua, basi anayeua baada ya fumanizi huonekana kama ndovu wa mwindaji: chombo tu cha kosa la mwingine.

Lugha ya habari inalionyesha hilo. Magazeti ya Kiswahili yana fungu la maneno lililozoeleka, mauaji ya wivu wa mapenzi. Sentensi ya kawaida husema kwamba mwanamke fulani ameuawa kutokana na wivu wa mapenzi. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, mtenda ametoweka, na nafasi ya sababu imejazwa na nomino dhahania. Neno mapenzi limewekwa karibu na kifo kana kwamba ni ushahidi wa utetezi. Msomaji anabaki akitafuta alichokifanya marehemu.

Second Chance inakataa sentensi hiyo. Kifo cha Donoso hakikutokea katika ghadhabu ya ghafla. Wauaji ni wazinzi wenyewe, waliokuwa na muda na sababu. Msuko wa namna hiyo hutenganisha mambo mawili yaliyozoea kusemwa kwa pumzi moja. Uzinzi ni kosa lenye njia zake za kutatuliwa, na mauaji ni kosa jingine lenye mtu wake. Hadhira iliyojifunza kuwahesabia Isabel na Andrés makosa mawili, badala ya moja lililorefuka, imejifunza jambo linaloweza kutumika hata pale ambapo muuaji ndiye aliyesalitiwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba muungano wa uzinzi na mauti umepitia hatua tatu. Katika imani ya wawindaji wa ndovu, uzinzi wa mke uliua kwa nguvu isiyoonekana. Katika Twende na Wakati, uzinzi wa mume uliua kwa maradhi. Katika Second Chance, uzinzi uliandamana na mauaji, lakini walioua ni watu. Siri ya Mtungi nayo imesaidia kueleza hadhira inayojua yote inavyogeuka kuwa baraza.

Wahakiki wa Kiswahili wamekuwa wepesi kuidharau melodrama kwa machozi yake, sadfa zake na wahusika wake wasio na kivuli. Kasoro hizo zipo. Lakini kipimo kinachofaa zaidi ni kuuliza kila tamthilia ya aina hii swali moja: onyesho la fumanizi linapokwisha na mwili ukiwa sakafuni, sentensi ya mwisho ina kiima gani? Ikiwa kiima ni wivu, mapenzi au usaliti, tamthilia imerudi porini kwa ndovu. Ikiwa ni jina la aliyeshika silaha, imeifikisha hadhira yake, iwe Usoke au Dar es Salaam, mahali ambapo haki inaweza kuanza kuzungumzwa.